Mahali pa Kugeukia

Magdalene Waruguru alikuwa na siku saba za kujifunza kugeuka, na hilo hakulijua mpaka Jumamosi ile alipokwenda kumsalimu binti yake kule Membley, Ruiru.

Kabla ya hapo alijiona amemaliza kazi. Tangu Juni alikuwa akiamka mapema, anafungua mlango wa nyuma wa nyumba yake hapo Makongeni, Thika, anaegemeza simu kwenye chupa ya chai na kumfuata mzee mmoja wa Kichina aliyevaa nguo nyeusi za kupwaya. Mzee huyo hasemi. Anainua mikono polepole, anatoa mguu, anauweka chini kana kwamba ardhi imelala na hataki kuiamsha. Magdalene naye anatoa mguu. Umri wake ni miaka sitini na saba, na katika maisha yake hajawahi kufanya mazoezi ya kujitakia. Mazoezi yake yalikuwa jembe na mitungi ya maji.

Sababu ilikuwa trei.

Magdalene ni mzee wa kanisa. Waumini wanamwita Mzee Magdalene na hakuna anayecheka, maana kwao mzee ni mzee hata akivaa sketi. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumapili ya Meza Takatifu, amebeba trei yenye vikombe arobaini vidogo vya maji ya zabibu, akitoka mezani mbele, akishuka katikati ya mabenchi hadi mlangoni, kisha akigeuka na kurudi. Trei hiyo haiwekwi chini. Inatoka mezani, inarudi mezani. Ndivyo walivyofundishwa na waliowatangulia.

Mwezi wa Juni alishuka vizuri. Alipofika mlangoni akageuka, na kanisa lote likazunguka kuliko yeye alivyogeuka. Vikombe vilimwagikia gauni jeupe la Mama Ajwang, ambaye kwa huruma yake alisema, "Si kitu, Mzee, itatoka kwa sabuni." Haikutoka. Kila Jumapili Mama Ajwang alipopita na gauni jingine, Magdalene aliangalia pembeni.

Baada ya wiki mbili wazee wakakaa kikao. Katibu wao, Mzee Karanja, mtu mwembamba wa maneno machache, aliandika kwa kalamu yake ya wino kisha akasoma alichoandika. Kabla ya Meza ya Septemba, Mzee Magdalene atatembea na trei ya maji mbele ya wenzake, siku ya Jumamosi. Akishindwa, atapumzishwa.

"Si kwa ubaya, Mzee," Karanja akasema.

"Najua si kwa ubaya," akajibu.

Lakini kila mtu alijua maana ya kupumzishwa. Mzee Gachau alipumzishwa mwaka juzi. Sasa anakaa nyuma karibu na spika, na hata kikao cha kununua viti vipya hakuitwa, yeye aliyekuwa seremala.

Ndipo Waceke, binti yake, akamchukua wiki nzima Membley na kumpeleka kwa daktari. Daktari akasema moyo ni mzima, presha ni nzuri, ni miguu tu iliyozeeka, na masikio yanayompa mtu mizani. Atembee, afanye mazoezi. Jioni Waceke akatafuta kwenye televisheni yake kubwa mazoezi ya wazee wasianguke, na hapo ndipo yule Mchina alipotokea kwenye nyasi. Taichi, ndivyo ilivyoandikwa. Waceke alitaka kumpita. Magdalene akamshika mkono.

"Ngoja. Hebu angalia miguu ya huyu. Anatembea kama aliyebeba trei."

Aliporudi Thika akampelekea simu Trizah, msichana anayeuza kava na chaja karibu na soko.

"Cucu, hii video ni dakika arobaini," Trizah akamwambia, akimwita kama nyanya yake. "Na memori kadi yako imejaa nyimbo na mahubiri. Nifute ngapi?"

"Ufute neno la Mungu uweke Mchina? Wee! Weka hivyo hivyo, ijibane."

Trizah akacheka, akaibana. Yaliyoingia yakaingia.

Basi kwa miezi mitatu Magdalene aliifuata video hiyo mpaka mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa wa ajabu kidogo: mzee yule anainua mguu wa kulia, anaanza kuangalia kando, halafu picha inasimama. Magdalene alidhani Wachina ndivyo wanavyomaliza jambo. Naye aliinua mguu, akasimama kwa mmoja mpaka kioo cha simu kikawa cheusi. Mwanzoni alishika ukuta. Mwezi wa Agosti akaacha ukuta. Wiki iliyofuata alivaa soksi akiwa amesimama, jambo alilokuwa ameliacha miaka kumi iliyopita, akajikuta anacheka peke yake chumbani.

Hivyo ndivyo alivyofika Membley Jumamosi ile, mwenye furaha, na ndizi kwenye kiondo. Walipokwisha kunywa chai akamwambia Waceke, "Niwekee yule mzee wangu kwa TV nikuonyeshe."

Waceke akamwekea. Magdalene akasimama katikati ya zulia, akamfuata hatua kwa hatua, naye Waceke akiangalia mdomo wazi. Wakafika mwisho. Magdalene akainua mguu, akatulia.

Mzee wa kwenye televisheni hakutulia. Aliteremsha mguu ule, akaupinda wayo kwa ndani, akageuka mzima mzima, akaanza kurudi alikotoka.

"Mami, mbona umesimama? Endelea," Waceke akasema. "Bado dakika thelathini."

Magdalene akaketi kwenye kochi. Miezi mitatu amejifunza kwenda, na kwenda hakukuwa tatizo lake. Alikoangukia ni kwenye kugeuka, na kugeuka ndiko kulikobaki nje ya kadi pamoja na dakika thelathini nyingine, kwa sababu hakutaka kufuta nyimbo.

"Niwekee hii yote kwa simu," akasema. "Futa mahubiri."

"Gani?"

"Yoyote. Futa sita."

Waceke alimtazama. Alikuwa mwanamke wa kazi ya ofisi, mwenye macho ya kuhesabu mambo haraka. "Mami, hii ni ya ile trei, sio? Si uwaachie tu? Nyumba hii ina chumba kinakungoja."

"Nimesikia."

"Unasikia tu. Sasa nisikie vizuri. Ukianguka tena, hata kama ni kwa zulia, nakuja na gari ya mizigo. Thika utakuwa unaenda kutembea tu."

Magdalene akakusanya vikombe vya chai. Alijua kwamba akihamia Membley, uzee wake wa kanisa umekwisha pia. Huwezi kuwa mzee wa watu ambao hukai nao. Trei na nyumba vilikuwa vimefungwa kamba moja.

Jumapili jioni akaanza. Sasa alimwona mzee mzima, si kipande, na alimtazama kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Akageuka, akayumba, akashika ukuta. Akageuka, akayumba. Jumatatu vivyo hivyo. Jumanne alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akarudisha sehemu ile moja mara nyingi hata betri ikaisha. Usiku hakulala vizuri. Alimwona Mzee Gachau karibu na spika, na pembeni yake kiti kitupu.

Jumatano aliona kwamba muda unamkimbia, akafanya papara. Alichukua sinia la chai, akapanga juu yake bilauri kumi na mbili za maji, akasimama nyuma ya nyumba. Hatua sita kwenda zilikuwa shwari, maji hayakutikisika. Kisha akageuka. Kichwa kilitangulia, miguu ikabaki, na mwili haukujua umfuate nani. Sinia likaruka. Magdalene akaanguka juu ya mkono wa kushoto, vioo vikalia pembeni yake kama kengele.

Alibaki pale chini kwa muda. Kwanza alisikiliza kama jirani amesikia. Hakuna mlango uliofunguka. Ndipo alipoanza kusikiliza mwili wake: nyonga nzima, goti zima. Kifundo cha mkono kilikuwa kinavimba mbele ya macho yake.

Alikusanya vioo kwa mkono mmoja. Akafunga kifundo kwa kipande cha leso, akavaa sweta ya mikono mirefu ingawa jua lilikuwa kali. Saa moja jioni Waceke akapiga simu.

"Uko poa, Mami?"

"Niko sawa kabisa."

"Sauti yako imekuwa ndogo."

"Ni simu yako."

Mficha maradhi, kifo humuumbua; methali hiyo aliwahi kuwafundisha watoto wa shule ya Jumapili kwa wimbo. Akazima simu.

Alhamisi hakushika sinia. Alisimama na mikono mitupu na kujiuliza swali ambalo alipaswa kujiuliza tangu mwanzo: yule mzee anaanza na nini? Akairudia sehemu ile, akiangalia kiungo kimoja kwa wakati mmoja. Wayo. Kisha goti. Kisha nyonga. Kisha bega. Kichwa ndicho kilichofika mwisho kabisa, kama mgeni wa heshima ambaye karamu haianzi bila yeye na wala hana haraka. Miaka yote yeye alikuwa akitanguliza kichwa.

Akageuka hivyo. Polepole mno. Dunia ikabaki mahali pake.

Akarudia. Ikabaki tena. Ijumaa aligeuka mara themanini, na hakuyumba hata mara moja. Lakini kila alipoinua hata sufuria, kifundo cha mkono kilimwambia habari nyingine.

Jumamosi Waceke alikuja na gari kutoka Ruiru, bila kuitwa, akampeleka kanisani na kuketi benchi la mwisho, karibu na mlango, mkoba mapajani. "Nimekuja kuangalia tu," akasema. Magdalene alitamani aangalie kwingine.

Wazee tisa walikuwa mbele. Mzee Karanja alimimina maji kwenye vikombe yeye mwenyewe, kwa birika, na hakumimina kidogo. Kila kikombe alikijaza mpaka ukingoni. Arobaini. Kanisa lilikuwa kimya, mtu angesikia kila tone.

Mzee Odhiambo, mtu mnene wa vichekesho aliyefanya kazi kiwandani miaka yote, ndiye mwenzake wa upande wa pili. Hutoka pamoja, kila mmoja na trei yake, hugeuka pamoja. Alimnong'oneza, "Mzee Magdalene, mwenda pole hajikwai. Lakini usiende pole sana, nimeacha samaki kwa jiko."

"Tembea, Odhiambo. Samaki wako alishakufa."

Mmoja wa wazee akacheka, akanyamaza aliposhtukia anacheka peke yake.

Magdalene akaishika trei. Mkono wa kulia ulibeba vizuri. Wa kushoto ukawaka kuanzia kifundo hadi kiwiko, naye akasukuma pumzi nje kupitia puani. Uzito ule alikuwa ameusahau. Sinia la bilauri kumi na mbili lilikuwa mchezo.

Wakatoka.

Hatua ya kwanza. Kisigino, wayo, vidole. Maji yalitulia kama kioo. Benchi la kwanza, la pili, la tatu. Alisikia viatu vya Odhiambo upande ule vikilia kwi, kwi, na akavitumia kama saa. Hakuangalia trei. Yule Mchina hakuangalia mikono yake kamwe, alitazama mbele kama anayemwona mtu anayemfahamu akija. Magdalene naye alitazama mbele, na aliyemwona ni Waceke, aliyekuwa ameacha mkoba na kushika benchi la mbele yake kwa mikono miwili.

Benchi la kumi. Kifundo kilianza kutetemeka. Tetemeko lile halijafika kwenye vikombe bado, lakini lilikuwa njiani.

Akafika mlangoni, mahali penyewe. Sakafuni palikuwa na doa jekundu lisilofika ukubwa wa shilingi, ambalo wanaofagia walishindwa kulitoa. Akasimama juu yake.

Wayo. Aliupinda kwa ndani. Goti. Upande wa pili Odhiambo alikuwa amekwisha geuka na anamngoja, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kichekesho. Nyonga. Bega. Benchi zikapita machoni pake moja moja, kwa adabu. Kichwa kikafika mwisho, na mbele yake palikuwa na meza, na Mzee Karanja, na dunia haijasogea hata inchi.

Amegeuka.

Alisikia Waceke nyuma yake akiachia pumzi. Hapo ndipo kifundo cha mkono kilipokataa. Hakikuuma tena, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Kilikufa ganzi tu, na vidole vikaanza kufunguka vyenyewe. Vikombe viligongana: ti. Hatua kumi na nne zilikuwa zimebaki. Alijua mkono huu una hatua mbili, pengine tatu.

Wazo la kwanza lililomjia ni kukimbia. La pili ni lile la Juni, na ndilo lililomwogopesha, maana alilikumbuka sasa waziwazi: hata Juni alisikia kizunguzungu tangu benchi la tano. Alisikia, akanyamaza. Alijiambia atafika.

"Odhiambo," akasema kwa sauti, katika kanisa ambalo mtu hasemi akiwa na trei. "Mkono wangu umeisha. Njoo unishikie."

Odhiambo akamwangalia Karanja. Alikuwa na trei yake mwenyewe mikononi.

"Sasa hivi, Odhiambo! Usiulize mtu!"

Odhiambo aliweka trei yake juu ya benchi, ile isiyowekwa chini, akavuka kwa hatua tatu na kuingiza viganja vyake vikubwa chini ya trei ya Magdalene. Vikombe viliyumba vyote kwa pamoja, vikarudi. Maji kidogo yalimwagika kwenye kitambaa. Hakuna kikombe kilichoanguka.

Mzee Karanja akashuka, akitembea polepole. Hakuangalia trei. Alimshika Magdalene mkono wa sweta na kuupandisha, akaona kipande cha leso, na juu na chini ya leso nyama iliyovimba, ya rangi ya zambarau.

"Lini?"

"Jumatano."

"Mami!" Waceke alikuwa amekwisha fika. "Jumatano! Na ukaniambia ni simu!"

"Nilikuwa najifunza kugeuka," Magdalene akasema. Akawaeleza yote: Mchina, memori kadi, dakika arobaini, mguu alioinua miezi mitatu akidhani ni mwisho. Alipofika kwenye mahubiri sita yaliyofutwa, Odhiambo alishindwa kujizuia.

"Kumbe tuna kung fu kanisani na hatuambiani!"

Wakacheka, hata Waceke, machozi yakimtoka, na haikujulikana ni ya kicheko au ya hasira. Karanja hakucheka. Alingoja wamalize.

"Kesho hubebi," akasema.

"Najua."

"Kesho utakaa kwenye benchi, utapokea kama waumini wengine. Na huyu binti yako atakupeleka hospitali leo, kabla ya chakula."

"Sawa, Mzee. Na jina langu kati ya wazee?"

Hilo ndilo lililomleta. Karanja alitoa kalamu yake ya wino mfukoni, akairudisha. Wazee wengine walitazama viatu vyao.

"Nikiandika kwamba ulishindwa, nitakuwa nimeandika uongo, maana umegeuka," akasema mwishowe. "Nikiandika kwamba uliweza, trei imerudi na Odhiambo. Nitaandika kwamba mkono ni mgonjwa. Mkono ukipona, utaitembeza tena Desemba. Juni ulinyamaza, leo umesema. Mtu anayesema naweza kumpa trei."

Waceke alifungua mdomo. Magdalene akamgeukia kabla hajatoa neno. "Gari ya mizigo tutaizungumza njiani."

"Tutaizungumza kweli," Waceke akasema, lakini alikuwa amemshika mama yake mkono ule mzima, na hakuwa anamvuta.

Karanja aliwatuma wengine nje kuosha vikombe. Alipobaki na mama na binti, akaangalia mlangoni, akashusha sauti.

"Mzee Magdalene. Mimi huwa nashika benchi."

"Unashika benchi wapi?"

"Nikigeuka. Benchi hilo la mwisho. Natoa kidole kimoja chini ya trei, nashika. Miaka miwili sasa." Alisema hivyo huku akitazama ukuta. "Hebu geuka tena. Bila kitu. Polepole, nione miguu."

Magdalene alimtazama mtu huyu ambaye kalamu yake ilikuwa imemnyima usingizi wiki nzima. Angeweza kusema mengi. Akaiweka vizuri leso yake, akasimama sawasawa.

"Vua viatu kwanza," akamwambia. "Na usiangalie miguu yangu. Anza na yako."